Mashine inachechemea au kompyuta? Kutafuta kosa la mapigo yasiyokaa

Malalamiko ya studio huja kwa maneno yaleyale: biti haikai, inavuta, inaelea, kiki (ngoma nzito ya chini) inapiga nyuma. Anayesema hivyo sikio lake limeshika kitu cha kweli. Ila maneno hayo yamebeba magonjwa matatu, na dawa ya mmoja haiponyi mwingine.

Wa kwanza ni kuchelewa. Kila pigo linafika nyuma ya mahali pake, lakini kwa kiasi kilekile: milisekunde 12 leo, milisekunde 12 kesho. Wa pili ni kuchechemea. Pigo moja linawahi, la pili linachelewa, la tatu linakaa sawa, na hakuna mpangilio wowote. Wa tatu ni kuachana: mnaanza pamoja vizuri, dakika mbili baadaye mashine ya ngoma iko kwake na kompyuta iko kwake. Kuchelewa kunatibika kwa dakika tano. Kuachana kuna sababu chache zinazojulikana. Kuchechemea ndiko kunakoua muziki, na huko ndiko nitakaa zaidi.

Kabla ya dalili, kuna jambo moja linalowapotosha wengi. Watu husema mashine za zamani zina usahihi kuliko kompyuta. Akai MPC60, mashine ya ngoma ya mwaka 1988, iliyobuniwa na Roger Linn, iligawa pigo moja la wimbo katika vipande 96. Kwa kasi ya BPM 120 (mapigo 120 kwa dakika), kipande kimoja ni milisekunde 5.2. Hiyo ni gridi pana sana. Kompyuta, inapocheza sauti zake zenyewe za ndani, inaweza kuweka kila pigo kwenye sampuli yake (kipande kidogo kabisa cha sauti ya kidijitali), na kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, sampuli moja haifiki hata milisekunde 0.03. Kwa hesabu hiyo kompyuta imeshinda mbali.

Sasa kwa nini MPC inasimama imara na kompyuta inayumba? Kwa sababu MPC ina kazi moja tu duniani. Muda wa pigo ukifika, inapiga. Atari ST ya mwaka 1985 ilipendwa na wanamuziki kwa sababu kama hiyo: milango ya MIDI (lugha ya kupelekeana noti kati ya ala na kompyuta) ilikuwa imejengwa ndani yake, na programu ya muziki ilikuwa na mashine nzima peke yake. Kompyuta ya leo ina nguvu nyingi zaidi, lakini noti inayotoka nje kwenda kwenye sinthesaiza au mashine ya ngoma hupita kwenye programu, kisha mfumo wa kompyuta, kisha draiva (programu inayoendesha kifaa), kisha USB, kisha waya wa MIDI. Kila kituo kina foleni. Ndani ya kompyuta mambo ni safi, ndani ya mashine mambo ni safi. Ni mlangoni, noti zinapotoka, ndipo zinaposukumana. Karibu kila hatua iliyo hapa chini ni ya kuusafisha mlango huo.

Kwanza pima, usibahatishe

Chomoa kila waya wa MIDI na USB kwenye mashine yako ya ngoma. Bakiza waya wa sauti peke yake, kutoka mashine hadi kadi ya sauti. Panga mapigo 16 yanayolingana, manne katika kila pigo la wimbo, tempo 120, ukitumia sauti kavu yenye ncha kali kama rimu au klevu. Kiki haifai kwa kupimia, maana mwanzo wake ni wa mviringo na huwezi kusema kwa uhakika imeanzia wapi. Rekodi, kisha kuza picha ya wimbi mpaka uone kila pigo linapochipuka. Kati ya pigo na pigo panatakiwa kuwa na milisekunde 125.

Kama mashine ikiwa peke yake inatoa 135, 115, 135, 115, hiyo si hitilafu. Kuna mtu ameacha swingi imewashwa, yaani kila noti ya pili inasogezwa nyuma kidogo kwa makusudi. Izime, rudia. Kama inayumba ovyo ikiwa peke yake, kosa ni lake. Angalia adapta ya umeme kama ndiyo inayotakiwa, kisha mpelekee fundi. Lakini ikikaa kwenye 125 pigo baada ya pigo, mashine haina kosa. Rudisha waya wa MIDI, ifuate kompyuta, rekodi tena mapigo yaleyale. Tofauti ya rekodi hizo mbili ndiyo kosa la mlangoni, na sasa unalo kwa tarakimu.

Kila kitu kinachelewa kwa kiasi kilekile

Unabonyeza kinanda, sauti inakuja nyuma kidogo. Au mashine iko nyuma ya kiki ya kompyuta kwa umbali ambao haubadiliki.

Angalia bafa ya kadi ya sauti, yaani fungu la sampuli ambalo kompyuta hukusanya kabla ya kulitoa. Kwa sampuli 44,100, bafa ya 128 ni milisekunde 2.9, ya 256 ni 5.8, ya 512 ni 11.6, na ya 1024 ni zaidi ya 23. Hiyo ni kwenda tu. Kurudi nako kuna chake. Wakati wa kupiga na kurekodi kaa kwenye 128 au 256. Wakati wa kuchanganya sauti panda hadi 1024, kompyuta ipumue. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO (aina ya draiva ya sauti isiyochelewesha sana) iliyotolewa na mtengenezaji wa kadi yako. Kadi ikiwa haina, ASIO4ALL ni afadhali kuliko draiva ya kawaida ya mfumo.

Bafa ikiwa ndogo na bado unachelewa, tafuta plagini (vijiprogramu vya nyongeza) zinazochungulia mbele: limita za mwisho, ekwalaiza za aina ya linia-fezi, visafisha kelele. Hizo lazima zisubiri ili zifanye kazi yake, na programu hurudisha njia nyingine za sauti za mradi nyuma ili zilingane nazo. Noti zinazotoka nje kwa MIDI mara nyingi hazimo kwenye hesabu hiyo. Zizime zote hadi siku ya kuchanganya.

Na kama unasikiliza kwa hedifoni za bluutuu, acha hapo. Nyingi zinachelewa kwa zaidi ya milisekunde 100. Huwezi kupiga ala ukiwa nazo, na huwezi kupima chochote. Tumia waya.

Kuchelewa kunakobaki usikuhofie. Sauti husafiri mita moja kwa milisekunde 3 hivi, kwa hiyo mwenye spika mita mbili kutoka masikioni anaishi na milisekunde 6 kila siku na hajui. Pima kiasi, nenda kwenye mpangilio wa ala ya nje ndani ya programu yako, andika tofauti ile kwa milisekunde. Imekwisha.

Pigo moja mbele, jingine nyuma

Kijana mmoja aliniletea mashine ya ngoma aliyoachiwa na mjomba wake. Alikuwa ameshakata tamaa nayo. "Kaka, hii imezeeka, haikai kwenye biti." Tulifanya kipimo kile. Ikiwa peke yake, ilikuwa imenyooka kama rula. Tukaiunga na kompyuta kwa kawaya kake kembamba ka USB, kale kenye kidonge katikati na ncha mbili za MIDI. Nikakuza wimbi mbele yake: 121, 129, 124, 131, 120. Ukijumlisha na kugawa unapata 125 kamili, ndiyo maana kwa ujumla wimbo haukuwa ukipotea njia. Lakini kila pigo peke yake lilikuwa linachechemea. Nikatoa waya ule, nikaunga mashine kwenye mlango wa MIDI ulioko nyuma ya kadi ya sauti. Tukapata 125, 125, 124, 126, 125. Akanyamaza, akaomba nirudie kucheza.

Usione tofauti ya milisekunde 5 au 6 ni ndogo. Kwa tempo 120, swingi ya asilimia 54, ambayo ni swingi ya kawaida kabisa, inasogeza kila noti ya pili ya moja ya kumi na sita (robo ya pigo la wimbo) kwa milisekunde 10 tu. Ladha yote ile ya kichwa kutikisika imekaa ndani ya milisekunde 10. Waya unaochechemea kwa 6 huku na 6 kule umeshaila. Kwa singeli hali ni ngumu zaidi. Ukiwa BPM 240, noti ya moja ya kumi na sita ni milisekunde 62.5, na swingi ileile ya 54 ni milisekunde 5 peke yake. Mtayarishaji wa Dar es Salaam anayetaka kuweka mashine ya nje ndani ya singeli hana nafasi ya kuchezea. Wengi hubaki ndani ya kompyuta tu, na kwa kasi ile naona wana busara.

Sababu za kuchechemea, kwa mpangilio ninaozifuata:

Waya au kifaa cha USB cha MIDI. Vile vya bei ya chini kabisa ndivyo washukiwa wa kwanza. Vingine hata hudondosha ujumbe mrefu. Badilisha, pima tena. USB ya kawaida ya vifaa hivi hubeba data kwa mafungu ya kila milisekunde 1, kwa hiyo yumbo la hadi milisekunde 1 ni la kuvumilia hata kwa kifaa kizuri. Zaidi ya hapo uliza maswali.

Habu ya USB. Kama diski ya nje, kamera na MIDI vyote vimebanana kwenye tundu moja, toa MIDI, ipe tundu lake kwenye kompyuta yenyewe.

Umeme na utulivu wa kompyuta. Laptopu ikiwa kwenye betri hupunguza mwendo ili isikae na njaa, na huo mwendo unapanda na kushuka katikati ya wimbo. Weka mpangilio wa umeme kwenye utendaji wa juu, na chomeka chaja. Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, usiendelee na kipande kilekile kwa betri ukidhani hakuna kilichobadilika. Sikiliza tena ulichorekodi. Zima Wi-Fi, maana draiva zake mara nyingi hushika kompyuta kwa vipindi virefu kuliko muziki unavyovumilia. Kwenye Windows, programu ya LatencyMon itakuonyesha draiva gani inashika foleni. Iache ikimbie dakika kumi huku mradi wako ukicheza, kisha soma jina lililo juu.

Bafa tena. Kuna programu na plagini zinazotoa noti zote za bafa moja kwa pamoja mwanzoni mwa bafa hiyo. Hapo bafa ya 1024 haikucheleweshi tu, inakuchechemeza kwa hadi milisekunde 23. Dalili yake ni rahisi: punguza bafa hadi 128, na kama yumbo nalo limepungua kwa kiasi hicho, umemkamata.

Kuna njia moja ya kuukwepa mlango kabisa, na ninaipenda kuliko zote kwa sababu haigharimu kitu. Mashine kama Korg Volca zina tundu la sinki (sync, la kulinganisha mwendo) linalopokea mshituko wa umeme, miwili kwa kila pigo la wimbo. Tengeneza kwenye kompyuta njia ya sauti yenye vitonya vifupi vikali, viwili kwa kila pigo, uitoe kwenye tundu la ziada la kadi ya sauti, uiingize kwenye sinki. Vitonya hivyo ni sauti, si noti, kwa hiyo vinasafiri na usahihi uleule wa sampuli ambao kompyuta inao ndani. Ongeza kiwango mpaka mashine ivisikie. Hakikisha tu njia hiyo haiendi kwenye spika, maana mlio wake unaumiza.

Akodi nene zinasambaratika

Noti mojamoja ziko sawa, lakini ukibonyeza akodi ya vidole kumi huku ngoma na besi vikicheza, sauti zinamwagika kama punje badala ya kugonga pamoja.

Hapa kompyuta haina hatia. MIDI ilioneshwa hadharani mwaka 1983, na kasi yake ni biti 31,250 kwa sekunde. Ujumbe wa noti moja huchukua karibu milisekunde 1 kupita kwenye waya, na noti hupita moja baada ya nyingine, hata uzipige kwa wakati mmoja kiasi gani. Akodi ya noti kumi ni karibu milisekunde 10 kati ya ya kwanza na ya mwisho. Sasa chomeka ala nne kwenye waya huohuo, ongeza mkunjo wa sauti (pitch bend) na mgandamizo wa kinanda (aftertouch) unaomwaga namba mfululizo, na kiki yako itasimama nyuma ya lori la data.

Zima mgandamizo wa vidole kwenye kinanda kama hauutumii. Punguza wingi wa vinundu kwenye mikunjo uliyochora. Ngoma ipewe mlango wake wa MIDI peke yake. Usiporuhusiwa na vifaa, basi sogeza kiki mbele ya noti nyingine kwa tiki moja (kipande kidogo kabisa cha gridi) ili itoke ya kwanza. Kwenye orodha ya noti, kitu cha pigo kiwe juu na padi (sauti ndefu laini) zinazoingia taratibu ziwe chini, kwani padi ikichelewa milisekunde 8 hakuna atakayejua.

Watu huogopa pia kuunganisha ala kwa mlolongo, wakiamini kila ala inaongeza kuchelewa kwa milisekunde kadhaa. Tundu halisi la kupitishia (Thru) linaongeza mikrosekunde chache tu. Shida ya mlolongo mrefu ni nyingine: umbo la ishara linachakaa, na baada ya ala tatu au nne noti zinaanza kukosewa au kukwama zikilia bila kukoma. Ikitokea hivyo tafuta kisanduku cha kugawa MIDI.

Mwanzo pamoja, mwisho mmeachana

Uliza kwanza: je, mashine inafuata saa ya kompyuta kweli, au imewekewa tempo ileile tu? Kuandika 120 pande zote mbili si kuunganisha. Mashine ikikimbia kwa 120.02, baada ya dakika 4 iko mbali kwa milisekunde 40, na sikio la mtu yeyote linasikia hapo. Washa saa ya MIDI kwenye kompyuta, na kwenye mashine chagua saa ya nje. Saa hiyo hutuma mapigo 24 kwa kila pigo la wimbo, na mashine inatembea juu yake.

Kama mlisharekodi bila saa, tafuta tempo halisi ya rekodi: weka alama pigo la kwanza na la mwisho, hesabu mapigo, gawa muda. Programu nyingi zinakubali tempo yenye desimali mbili au tatu. Na angalia kama programu haijaikunja sauti yenyewe wakati wa kuiingiza. Nyingi hukisia tempo na kuvuta faili kimyakimya, na kisio likikosea unapata kuachana ambako hakumo kwenye rekodi.

Ikiwa wimbo wote umepanda kasi na umepanda pia sauti kwa karibu nusu toni moja na nusu, usitafute mbali. Faili ni ya sampuli 44,100 na mradi ni wa 48,000.

Wengine hufanya mashine iongoze na kompyuta ifuate. Mimi siwashauri hivyo. Programu nyingi zikifuata saa ya nje, tempo yake inacheza juu chini kila sekunde, na sauti zilizokwisha kurekodiwa zinavutwavutwa nayo. Kompyuta ishike usukani, mashine ifuate.

Pigo la kwanza linakosewa, mengine yako sawa

Mashine inapokea amri ya kuanza na saa kwa karibu wakati mmoja, na nyingine za zamani zinahitaji kupumua kidogo kati ya hivyo viwili. Anza wimbo kwenye baa (kifungu cha mapigo manne) ya pili, ukiacha baa nzima tupu mbele. Usianzie katikati ya wimbo unapoijaribu, kwa kuwa si kila mashine inaelewa ujumbe wa mahali ulipo.

Noti zinalia mara mbili, sauti inakuwa nyembamba kama iko ndani ya bomba

Kinanda chako kinajipiga chenyewe, na hapohapo kompyuta inakirudishia noti ileile milisekunde chache baadaye. Nenda kwenye mpangilio wa kinanda, zima udhibiti wa ndani (Local Control). Sauti itatoka mara moja, kupitia kompyuta peke yake.

Yote yamekataa

Kuna mashine ambazo hazitakaa kwa saa ya MIDI hata ufanyeje, na bado sauti yake ndiyo unayoitaka. Basi irekodi ikiwa peke yake, kwa saa yake ya ndani, kila ngoma kwenye njia yake ya sauti: kiki baa nane, sinea baa nane, haihati baa nane. Kisha kata kila pigo na uliweke kwenye gridi kwa mkono, ukiacha swingi ya mashine kwenye haihati na kunyoosha kiki na sinea tu. Unapokata, acha milisekunde mbili tatu za kimya kabla ya kila pigo, usije ukanyoa ncha ya kiki.